Habari za Mkorosho Tangu Kale, na Miche Yetu ya Muze

Na Katibu wa Chama cha Msingi, Muze



Bodi ya Chama Kikuu iliponiagiza kuandika sura moja ya kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi, ilinitaka nieleze habari za miti ya mazao iliyopandwa na wanachama wa bondeni, hasa mikorosho. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Daftari la miche hukaa mezani pangu, na hesabu zake zimekwisha kusomwa mara nyingi katika mikutano mikuu na kupigiwa makofi. Walakini nilipolifungua ili ninakili, niliona haya. Safu ya kwanza ni jina la mwanachama, ya pili ni kitongoji chake, ya tatu ni idadi ya miche aliyopewa. Safu ya nne haipo. Hakuna mahali palipoandikwa ni miche mingapi iliyokuwa hai mwaka wa pili, wala mwaka wa tatu. Basi, badala ya kuzinakili hesabu zile, nimeona heri nieleze historia ya mti wenyewe, maana historia hiyo yaeleza vizuri kuliko mimi kwa nini safu ile ya nne ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Brazili, pande za kaskazini mashariki. Wareno, ambao katika karne ya 16 walikuwa wakisafiri baina ya Brazili, Afrika na Bara Hindi, ndio walioufikisha Msumbiji na Goa, nao kutoka Msumbiji ukaenea katika pwani yetu. Jina la Kireno, caju, lilitokana na lugha ya wenyeji wa Brazili, nasi twalisikia hata leo katika neno kanju, ambalo watu wa Unguja hulitumia. Wengine huuita mti huo mbibo. Tunda lake lenye maji ni bibo, na mbegu ining'iniayo chini ya tunda ndiyo korosho. Kwa muda mrefu mti huu haukuhesabiwa kuwa mali. Ulipendwa kwa kivuli na kwa matunda, na maji ya mabibo yalichachushwa yakawa pombe iitwayo uraka. Watu wa dini hawakuisifu pombe hiyo, lakini nadhani mikorosho mingi ilisalimika na shoka kwa sababu yake.

Mali ilikuja baadaye, wafanya biashara walipoanza kununua korosho ghafi na kuzipeleka India zikabanguliwe. Wakulima wa Newala, Masasi, Lindi na sehemu nyingine za kusini wakaona kwamba mti wa kivuli waweza kulipa kodi na kununua nguo. Mwaka 1945 nchi yetu ilitoa korosho zipatazo tani 7,000. Msimu wa 1973/74 zilikuwa tani 145,000. Sehemu kubwa sana ya miti hiyo ilipandwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, kila mtu na shamba lake.

Yafaa tuangalie jinsi walivyopanda. Mtu alifyeka msitu akalima shamba la chakula: mihogo, mtama, kunde, mahindi. Mvua zilipoanza, katikati ya chakula kile alifukia korosho mbili au tatu katika kila shimo. Mbegu huchaguliwa kwa kutiwa majini. Ile inayozama ni nzito na yafaa kupandwa, ile inayoelea huachwa. Zikisha kuota, hubakizwa mche mmoja wenye nguvu. Tangu hapo mkulima hakuwa na kazi ya peke yake kwa ajili ya mkorosho. Alipopalilia mihogo aliupalilia na mche. Alipowafukuza nguruwe wasile mihogo, aliulinda na mche. Kwa kuwa shamba lilikuwa jeupe, moto wa kiangazi haukupata njia. Baada ya miaka mitatu au minne, ardhi ilipochoka kwa chakula, alihamisha jembe lake mahali pengine, na nyuma yake akaacha shamba la mikorosho iliyokwisha kuanza kuzaa.

Naomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mlinzi wa mche katika shamba lile alikuwa ni muhogo, kwa maana ya kwamba njaa ya mwenye shamba ndiyo iliyomleta pale kila juma. Kama mche ungekuwa peke yake porini, ukingoja miaka mitatu bila kutoa hata kikombe kimoja cha korosho, hakuna ambaye angekwenda kuutazama.

Karanga si mti, nami sitaki kutoka nje ya habari yangu, lakini jambo lililotokea katika jimbo lile lile la kusini siku zile zile lafaa kukumbukwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa meli, reli ikajengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea, na bandari ya maji marefu ikatengenezwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki, na korosho za wakulima wadogo zikapitia humo, wakulima ambao hawakuwamo katika ramani ya wale mabwana.

Sasa nifike kwenye sehemu ya historia iliyo chungu. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, vitu ambavyo haviwezi kumfuata kila mtu alikojenga peke yake. Mimi nimesoma katika shule ya kijiji cha namna hiyo, wala siidharau nia ile. Lakini mikorosho haikuweza kuhamishwa. Mzee aliyezoea kufungua mlango akaiona mikorosho yake, sasa ilimbidi atembee mwendo mrefu kwenda na mwendo mrefu kurudi, ilhali shamba jipya la chakula liko karibu na kijiji na lamngoja. Jembe likabaki lilipo chakula. Magugu yakapanda chini ya mikorosho, moto ukapita humo, na michanga iliyopandwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuhama ndiyo iliyotangulia kufa.

Hayo hayakuwa peke yake. Fungu alilolipwa mkulima katika bei ya korosho lilizidi kupungua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yake ikachukuliwa na mamlaka za mazao, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu kurudi. Tena mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaonekana ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ni kuvu nyeupe ishikayo maua na majani machanga kana kwamba mtu ameyanyunyizia unga, na ua lililoshikwa halizai. Mikorosho mingi ilikuwa imebanana hata matawi yakaingiliana, nao ugonjwa ukafurahi katika kivuli kile. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Na, jambo la kusikitisha, viwanda vikubwa vya kubangulia vilikuwa vimekwisha kujengwa kwa mikopo. Vingine vikakaa kimya kwa kukosa korosho.

Wengi wasimuliapo anguko lile hutaja ubwiri unga kwanza. Mimi si mtaalamu wa magonjwa, lakini nikizipanga tarehe naona kwamba ugonjwa uliyakuta mashamba mengi hayana mtu. Dawa ya salfa ilipopatikana, ilitaka mtu wa kuipuliza alfajiri kabla ya upepo kuamka, tena kwa kurudia. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliye mbali, wala na mtu asiyejua kama bei itarudisha fedha ya salfa.

Kufufuka kwa zao hilo kulitokana na mambo kadhaa, nami nitayapita upesi kwa kuwa yamekwisha kuandikwa mahali pengi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilifundisha matumizi ya salfa, kupunguza miti iliyobanana, na kubebesha vikonyo vya miti bora juu ya miche ya kawaida. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa mita 12, yaani miti 28 hivi katika ekari moja. Wakulima wakafundishwa kutowaua majimoto, wale siafu wekundu wajengao viota vya majani, kwa sababu huwala mbu wa mikorosho na wadudu wengine wafyonzao machipukizi. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani, na vyama vikuu kama MAMCU vikauza kwa mnada. Msimu wa 2017/18 nchi ikapata zaidi ya tani 310,000. Mfumo ule umekuwa na lawama zake, hasa malipo kuchelewa na makato kuwa mengi, nasi tuuzao ufuta kwa njia hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Sasa niteremke kwetu. Msafiri atokaye Sumbawanga hupita Ntendo, kisha hushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, na kabla hajafika chini huwa amekwisha kuvua koti. Uwanda wa juu una baridi ya Juni na Julai ambayo mkorosho hauivumilii. Bonde la Rukwa liko chini sana kuliko uwanda ule, mita 800 na kitu juu ya bahari, na joto lake huivisha maembe mpaka yakaoza kwa wingi chini ya miti. Kwa hiyo tuliposikia kwamba mikorosho imeanza kupandwa hata Manyoni, mkoani Singida, mbali sana na pwani, tuliuliza kwa nini isiwe Muze. Swali lilikuwa jema. Kosa letu lilikuwa katika jinsi tulivyolijibu.

Nitaanza na shamba langu, maana si haki kuanza na la mwingine. Nilichukua miche 60. Miche 42 niliipanda ng'ambo ya mto, katika ekari moja na nusu niliyoitenga kuwa “shamba la korosho”. Nilivuta kamba, nikapima mita 12 kila upande, nikachimba mashimo mapana yenye kina cha kupita goti, nikachanganya samadi na udongo wa juu. Mistari ilinyoka hata watu waliopita njiani wakasifu. Miche 18 iliyobaki sikuwa na mahali pa kuiweka, nikaichomeka katika karanga za mama yangu nyuma ya nyumba, naye akanung'unika kwamba nitamwekea kivuli.

Mwaka wa kwanza magugu ya ng'ambo ya mto yaliizidi miche urefu, kwani nilikuwa katika shughuli za kupima ufuta wa wanachama. Kiangazi mchwa wakakata mashina. Baada ya mavuno ng'ombe wakapita. Septemba moto ulitoka sijui kwa nani, ukamaliza. Mwaka wa tatu nilipokwenda kuhesabu, katika miche ile 42 nilikuta mmoja tu, nao umepinda. Katika ile 18 ya mama yangu, 13 ilikuwa hai, mingine imenipita kimo. Mama hakufanya lolote kwa ajili ya mikorosho. Alipalilia karanga zake. Aliposikia mbuzi, alitoka na fimbo. Alipong'oa magugu aliyaacha yaoze palipo karanga. Yaani alifanya yale yale waliyoyafanya watu wa Newala, bila kuambiwa na mtu. Na katika ripoti ya mwaka, mimi Katibu nilikuwa nimeandika “miche 60 imepandwa”, nikapigiwa makofi.

Nimetaja ng'ombe, na hapa sharti niseme polepole, kwa kuwa neno hili limewahi kuleta ugomvi katika vijiji vya bondeni. Desturi ya siku nyingi ni kwamba shamba likisha kuvunwa, mabua ni malisho. Mfugaji aliyepitisha ng'ombe wake mwezi Julai katika shamba langu aliona mabua na nyasi. Miche ilikuwa imefunikwa na magugu yangu mwenyewe. Kwa desturi ile hakukosa. Mahindi huisha shambani, mpunga huisha, ufuta huisha, kisha ardhi hufunguliwa kwa wote mpaka mvua zirudi. Mkorosho hauishi. Mtu apandapo mti katika shamba lake, afunga mlango uliokuwa ukifunguliwa kila mwaka, na majirani wana haki ya kuambiwa kabla mlango haujafungwa. Sisi hatukuwaambia. Tuligawa miche, tukapiga picha, tukaondoka. Katika kitongoji kimoja wanachama waliketi na wafugaji, wakakubaliana njia ya kupitisha ng'ombe kwenda majini, na kila mwenye miche akazungushia miiba au akapanda minyaa mpakani. Huko miche ilipona kwa wingi kuliko kwangu.

Liko na jambo la ardhi yenyewe. Mtu aliyeazimwa shamba aweza kulima mahindi miaka kumi bila neno, lakini akipanda mti wa kudumu, mwenye ardhi hushtuka, maana mti ni kama maandishi. Mama mmoja mwanachama wetu, mjane, alipewa miche 20 akaipanda katika shamba alilokuwa akililima tangu mumewe alipokuwa hai. Shemeji yake alikuja siku ya pili akaing'oa yote, akaipanga kando ya njia mizizi juu. Hakumtukana wala hakumpiga. Alisema tu kwamba shamba ni la ukoo, na mahindi yaendelee. Katika daftari langu mama yule angali ana miche 20. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yampa mwanakijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, mwanamke sawa na mwanamume. Chama kilipaswa kumsaidia kupata karatasi ile kwanza, ndipo kimpe miche. Tulifanya kinyume, kwa sababu miche ilikuwa inakauka katika viriba na tulitaka iondoke ofisini.

Maarifa ya kuepuka moto hatuna haja ya kuyatafuta mbali. Wazee wetu wa uwandani hawakuzichoma nyasi walipoandaa shamba. Walizifukia ndani ya matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, zikaoza, na msimu uliofuata wakayatawanya matuta na kupanda juu ya mbolea ile. Sisi tulioshuka bondeni tumeizoea njiti ya kiberiti. Mwenye mikorosho michanga na asafishe duara kuzunguka kila mche, afukie nyasi badala ya kuzichoma, wala asizirundike karibu na shina, kwa kuwa mchwa hufuata majani makavu kisha huendelea na mti.

Bonde letu limepata kujulikana ulimwenguni kwa jambo jingine, nalo si la fahari: ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Pigo lililoanza karibu na mwaka 1930 lilidumu mpaka 1944 na kuvuka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakawa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Watu wale hawakungoja kundi litue mashambani. Walikwenda mbugani mwaka baada ya mwaka kuwahesabu nzige wangali wachache. Babu yangu alipokuwa kijana aliwaona wakipita na vitabu vyao katika nyasi ndefu, akadhani ni wendawazimu.

Basi hesabu ndiyo niliyoiomba katika mkutano wetu wa mwisho wa chama cha msingi, na wanachama wamekubali, ingawa si wote kwa furaha. Kuanzia msimu ujao hatampa mtu miche ila kwa shamba linalolimwa chakula, ambalo mwenyewe hulifikia kwa miguu bila kuagiza mtu. Atakuja na karatasi ya kijiji kuonyesha kwamba ardhi ni yake, au kwamba mwenye ardhi amekubali mti. Hatapewa zaidi ya miche 28 kwa mara moja, iwe ekari moja, mpaka tuione ile ya kwanza. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba tukifanya hivyo, hesabu ya miche yetu itakuwa ndogo kuliko ya vyama vingine na tutaonekana wavivu mbele ya Chama Kikuu. Alisema kweli, itakuwa ndogo. Nimeomba Bodi isichapishe katika kijitabu hiki jumla niliyoileta miaka iliyopita, na Bodi imekubali; ndiyo sababu ukurasa wa takwimu hauna mstari wa Muze.

Safu ya nne nimekwisha kuichora kwa rula katika daftari. Hesabu itafanywa kila Oktoba, mioto ikisha kupita na kabla ya mvua, na wanachama wawili kutoka kitongoji kingine, si mwenye shamba wala Katibu. Shamba langu litakuwa la kwanza. Mama amekwisha kuniuliza kama wahesabuji watataka chai, na kama ile 13 iandikwe kwa jina lake au langu.